Sampuli za mawe ya Longido, Mirerani na Lengai: nazisafishaje, naziwekea lebo gani, na nabadilishanaje bila kuziharibu?

kokoto_namanga

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua sampuli za madini, si vito vya kukata. Nakusanya mawe ya huku kwetu kaskazini yawe seti mbili. Moja ikae sekondari ya kata hapa Longido, wanafunzi wayashike na kuyapima. Nyingine ni ya kubadilishana na wakusanyaji wa Mahenge na Mwanza, na mmoja aliyeko Ujerumani ambaye anauliza mahali jiwe lilipotoka kabla hajauliza kama ni zuri.

Nilivyo navyo: vipande 14 vya rubi ndani ya zoisaiti ya kijani kutoka kifusi cha mgodi wa Mundarara hapa Longido, kwa ruhusa ya mwenye leseni. Vipande 5 vya mwamba wenye kinywe (grafaiti) kutoka Mirerani, vyenye fuwele ndogo za tanzanaiti, diopsaidi ya kijani na vitu vingine nisivyovitambua. Na kopo moja la lava ya volkano ya Oldoinyo Lengai.

Maswali yangu:

Kipande kimoja cha Mirerani kililala kwenye siki usiku kucha ili kitakate. Asubuhi sehemu nyeupe zimefifia kama chaki, na kopo linanuka yai viza. Kimetokea nini?

Lava ilikuwa nyeusi ilipookotwa. Sasa ni nyeupe na inamomonyoka. Je, ni uchafu wa kuoshwa?

Lebo iandikwe nini hasa? Na mzigo ufungweje kwa basi na kwa ndege, na sheria inasemaje?

---

mama_maabara

Mkuu, kama bado kimo kwenye siki kitoe sasa hivi, tena ukiwa nje ya nyumba. Hiyo harufu ya yai viza ni gesi ya hidrojeni salfaidi, na ni sumu. Kwenye kopo dogo hutadhurika sana, lakini usiinamie kunusa.

Sehemu nyeupe ni kalsiti, yaani kaboneti ya kalisi. Siki ya dukani ina asidi asetiki ya karibu asilimia 5, inatosha kabisa kuila kalsiti na kuiacha na uso wa chaki. Uso huo haurudi. Gesi imetoka kwenye kitu kingine: nadhani kipande chako kina alabandaiti, yaani salfaidi ya manganizi. Ni nyeusi, ina mng'ao wa chuma kidogo, na watu wengi huidhania kuwa kinywe kilichoganda au kutu. Ikikutana na asidi, hata hafifu kama siki, inayeyuka na kutoa gesi hiyo. Inauma kwa sababu fuwele za alabandaiti za Mirerani hutafutwa na wakusanyaji duniani kote, na wewe ulikuwa unazisafisha kama uchafu.

Namna ya kuhakikisha bila kuharibu tena: chukua kigae cha sakafuni, geuza upande wa nyuma usio na vanishi, kwangua juu yake chembe iliyokwisha kudondoka, si fuwele yenyewe. Kinywe kitaacha mstari wa kijivu mweusi. Alabandaiti itaacha mstari wa kijani iliyokoza. Hakuna kingine cheusi cha Mirerani utakachokichanganya nacho ukiuona huo ukijani.

Kwa sasa suuza kwa maji safi mara nne au tano, kisha kilaze saa 24 kwenye lita moja ya maji yenye kijiko cha chakula cha bikaboneti ya sodiamu (ile ya kuumulia keki), usuuze tena, kikauke kivulini siku mbili. Asidi ikibaki kwenye nyufa itaendelea kula polepole ndani ya boksi.

Sasa vile vinne vilivyobaki. Usivitie maji hata tone kabla hujavipitia kimoja kimoja kwa lenzi ya kukuza mara 10, jua likipiga kwa upande. Unatafuta nyuzi za kijivu kinachoelekea weusi, nyembamba kama unywele au pungufu, zimejibandika juu ya zoisaiti, kalsiti au preinaiti, nyingine zimejipinda kama kamba. Hiyo huenda ikawa merelaniaiti: salfaidi yenye molibdenamu, risasi, vanadi na antimoni, iliyotangazwa kuwa madini mapya 2016 na kupewa jina la vilima vya huko huko. Kila unywele ni karatasi iliyojiviringisha kama mkeka. Brashi ikipita mara moja, zimekwisha. Tunajua vipande vingapi vimeoshwa hivyo kwenye ndoo? Ukiona nyuzi, kipande hicho hakioshwi. Pulizia vumbi kwa kipira cha mkono cha kupulizia, umbali wa sm 20, basi.

Kama hakuna nyuzi: maji yenye joto la chumba, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Maji yasiwe ya moto na kipande kisitoke juani kwenda kwenye maji baridi. Zoisaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs (1 hadi 10), lakini ina upande mmoja ambao inapasukia kirahisi mno, na mabadiliko ya ghafla ya joto yanatosha kuifungua. Kwa sababu hiyo hiyo usiipeleke kwenye mashine ya mtetemo ya masonara.

Kinywe kitakuchafua vidole kwa miezi. Kiache. Kinywe kilichoshika kwenye mikunjo ya fuwele ndicho kinachosema jiwe hili ni la Mirerani. Anayekisugua mpaka kiishe anafuta nusu ya ushahidi.

---

tindo_na_nyundo

Naongezea upande wa Longido maana mama_maabara ameshamaliza Mirerani.

Vipande vya Mundarara vina mambo matatu: zoisaiti ya kijani, rubi, na madoa meusi. Yale madoa meusi watu wanaandika kwenye lebo "turmalini". Si kweli, ni hornblendi. Tazama kwa lenzi: hornblendi inapasuka kwa nyuso mbili bapa zinazokutana kwa pembe ya karibu digrii 120 au 60, wakati turmalini haina nyuso bapa za kupasukia na fimbo zake zina mistari ya urefu. Jina "anyolaiti" unaloweza kukutana nalo kwenye biashara linatokana na neno la Kimaasai la ukijani, na ni jina la mwamba mzima. Kwenye lebo andika madini yenyewe: korundi aina ya rubi, zoisaiti, hornblendi.

Kupunguza ukubwa ndiko kunakoharibu vipande vingi. Rubi ina ugumu wa 9, zoisaiti 6 hadi 7, na mchimbaji anadhani kilicho kigumu hakivunjiki. Rubi ya Longido inapasuka kwa tabaka ukiipiga kandokando, hasa zile fuwele bapa zenye pembe sita. Kwa hiyo usichonge karibu yake. Weka tindo umbali usiopungua upana wa rubi yenyewe. Kama fuwele ina sm 3, mstari wako uwe sm 3 au zaidi kutoka ukingoni. Laza jiwe juu ya mfuko wa mchanga, upande usio na fuwele ndio uangalie tindo. Piga mapigo mengi madogo kuzunguka mstari kwa nyundo ya nusu kilo, usitafute pigo moja kubwa. Loanisha jiwe unapochonga, na vaa miwani. Vumbi la mwamba wenye kwatsi linaharibu mapafu, na mawe ya Mirerani yanaweza kuwa na tremolaiti yenye nyuzi (aina ya asbesto) ambazo hutaki kuzivuta kabisa.

Rubi iache ikae nyumbani kwake. Fuwele iliyong'olewa kwenye zoisaiti ni rubi ya daraja la chini isiyopitisha mwanga, unaipata popote. Ile ile ikiwa imekaa kwenye kijani chake, na ukingo mweusi wa hornblendi umeizunguka, ni Longido na mtu yeyote anaitambua akiwa mlangoni.

Tochi ya miali ya urujuanimno ya nanomita 365 inunue, si ghali. Rubi ya Longido huwaka nyekundu gizani, na wanafunzi wataipenda kuliko kila kitu kwenye meza. Tochi hiyo hiyo inafichua gundi: fuwele iliyobandikwa juu ya mwamba usio wake mara nyingi ina mstari wa buluu nyeupe unaong'aa pale inapokutana na jiwe. Ukiuona, gusa kwa sindano. Gundi inakwanguka kama plastiki, mwamba haukwanguki hivyo. Nasema hivi maana utakapoanza kubadilishana utaletewa tanzanaiti "iliyokaa kwenye mwamba" ambayo ilibandikwa juzi.

---

kokoto_namanga

Asanteni sana. Nimekwangua kwenye kigae, mstari ni wa kijani kweli. Kipande kimoja kati ya vilivyobaki kina nyuzi tatu za kijivu, sikukigusa tena.

Kuna vipande viwili vya kwatsi vyenye kutu nyekundu ya udongo, hivyo navyo visafishwe kwa kitu gani? Na lava?

---

mama_maabara

Kwatsi tupu haina shida: asidi oksaliki, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji, kwenye ndoo ya plastiki, siku moja hadi tatu bila kuchemsha. Usitumie sufuria ya alumini. Vaa glavu, ni sumu ikimezwa, weka mbali na watoto na mifugo. Ikitoka, iloweke kwenye maji safi kwa siku nyingi kama zile ilizokaa kwenye asidi, ukibadilisha maji asubuhi na jioni, la sivyo itageuka njano baada ya wiki chache. Maji uliyotumia yatulize kwa bikaboneti mpaka yaache kutoa mapovu, ndipo umwage. Lakini kama kuna hata ukucha wa kalsiti kwenye kipande, acha. Oksaliki ikikutana na kalisi inatengeneza utando mweupe usioyeyuka, na hapo umefunika jiwe lako kwa rangi isiyotoka.

Lava ya Lengai si uchafu, na kuiosha ndiko kungeimaliza. Hii ni lava ya kaboneti ya sodiamu. Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Inatoka ikiwa na joto la kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, chini sana ya lava za kawaida ambazo hufika 1,000 na zaidi, na ikipoa ni nyeusi au kahawia nzito. Madini yake makuu mawili ni nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoraiti. Yote mawili hayastahimili unyevu. Yanavuta maji kutoka hewani na kugeuka madini mengine meupe, kwa siku chache tu, wakati mwingine saa chache kama kuna mvua au umande. Weupe wako ndio huo. Hakuna dawa ya kuurudisha weusi.

Usikitupe hicho kipande. Andika kwenye lebo "lava ya kaboneti iliyobadilika kwa unyevu" na tarehe. Kinafundisha zaidi ya kile cheusi, mradi viwili vikae pamoja. Kwa kile cheusi, ukipata kipya: kiingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira siku ile ile kinapookotwa, pamoja na jeli ya silika inayobadilika rangi, gramu 30 hivi kwa chupa ya nusu lita. Ikibadilika, kausha jeli kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu na uirudishe. Mchele hausaidii, unyevu wenyewe unao. Usiifungue darasani, wanafunzi waione kupitia kioo. Na shika kwa glavu, kwa sababu unga wake ni mkali kama magadi na unachoma ngozi yenye jasho.

Magadi ya Ziwa Natron yana tabia yake pia, yanakauka na kuwa unga yakiachwa wazi, kwa hiyo nayo yaweke kwenye chupa. Pairaiti (salfaidi ya chuma) inahitaji uangalizi huo huo. Huko Longido hewa kavu inaisaidia, lakini ukimtumia mtu wa Tanga au Dar, baada ya mwaka au miwili ya unyevu unaopita asilimia 60 itaanza kutoa unga mweupe wenye asidi ambao unakula lebo na boksi.

---

ramani_kuukuu

Hapa kwenye lebo ndipo makusanyo mengi yanapokufa, niruhusuni niseme kwa kirefu.

Andika kwa mpangilio huu, kutoka kidogo kwenda kikubwa: jina la madini makuu kwanza na mengine baadaye, mgodi au shimo, kitalu kama ni Mirerani (A, B, C au D, usiandike "Mirerani" tu), kijiji, kata, wilaya, mkoa, nchi, viwianishi (namba za mahali kwenye ramani), tarehe ya kuokotwa au kupokewa, kimetoka kwa nani kwa cheo, si lazima jina, mfano "mwenye leseni", vipimo kwa sm na uzito kwa gramu, na chochote ulichokifanyia: kimeoshwa, kimechongwa, kimepashwa moto, kimegundishwa. Cha kupashwa moto usikifiche. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa na ukahawia, na hupashwa joto la nyuzi 400 hadi 600 ili iwe buluu. Ukiigeuza pande tatu kwenye mwanga, isiyopashwa inaonyesha buluu, zambarau na rangi ya tatu ya kahawia au njano ya kijani. Iliyopashwa rangi ya tatu imepotea, unaona buluu na zambarau tu. Kuna za buluu za asili, ndiyo, ila aliyepasha jiwe moto na hakuandika anamdanganya anayefuata.

Viwianishi: simu inakupa viwianishi vya mfumo wa WGS84 kwa digrii zenye desimali. Andika neno "WGS84" mbele yake. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na tofauti kati ya mifumo hiyo miwili huku kwetu ni kama mita 300, sehemu kubwa kaskazini-kusini. Mita 300 ni shimo la jirani, kitalu kingine, wakati mwingine mwamba mwingine kabisa.

Majina ya utawala nayo yanahama. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha 2002, hivyo jiwe la Mirerani la 1990 lina lebo halali isemayo "Arusha". Longido yenu ilikuwa ndani ya Monduli. Ukipata kipande cha zamani, usitupe lebo yake na usiirekebishe; weka ya kwako nyuma yake, zikae zote. Na andika tahajia zote mbili, Mirerani na Merelani. Mji unaandikwa kwa r, lakini wanajiolojia wa nje walizoea Merelani, na mtu wa Ujerumani atatafuta kwa hiyo ya pili.

Jiwe na lebo vitatengana siku moja tu, tena siku ya kuhama nyumba. Kwa hiyo namba ikae juu ya jiwe lenyewe. Paka doa dogo la rangi nyeupe ya akriliki, milimita 5 kwa 8, upande wa chini usio na fuwele, likikauka andika LGD-001 na kuendelea kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika, kisha tabaka moja la rangi ya kucha isiyo na rangi. Itageuka njano baada ya miaka lakini inatoka kwa asetoni. Kwa lava na kwa kitu chochote kinachomeng'enyuka namba iende kwenye chupa. Namba ile ile iandikwe kwenye kaunta buku kwa penseli HB. Wino wa kalamu ya kawaida unafifia, wino wa printa ya kawaida unatiririka ukipata unyevu, penseli haiendi popote. Faili la kompyuta liwe la pili, si la kwanza.

Namba ya kipande ulichokigawa isitumike tena. Andika kimekwenda mkoa gani na lini.

---

mwamba_mahenge

Nipo tayari kubadilishana na wewe, kokoto. Huku Ulanga tuna spineli (aina ya kito) ndani ya marumaru; Ipanko ndiko zilikotoka zile fuwele kubwa za 2007, moja ikizidi kilo 50. Za kubadilishana ni ndogo, milimita 5 hadi 15, zimekaa kwenye marumaru nyeupe. Ukipokea usiitie asidi ili uichomoe. Spineli inaistahimili, lakini humo kuna apataiti na silikati za njano zinazodhurika, na marumaru yenyewe ndiyo sura ya Mahenge.

Kubadilishana hupimwa kwa ukubwa na usawa, si kwa bei ya kito. Waambie watu vipimo: chini ya sm 2.5, hadi sm 5, hadi sm 9, au zaidi. Piga picha mbili kivulini, moja ikiwa na rula, moja ya upande wenye kasoro. Kasoro isiyoonyeshwa ndiyo inayovunja undugu.

Kama kipande ni fuwele tupu isiyo na mwamba, kabla ya kukubali pima uzito wake dhidi ya maji. Mizani ya gramu 0.01, kikombe cha maji juu yake, bonyeza sifuri. Pima jiwe likiwa kavu kwanza. Kisha lining'inize kwa uzi mwembamba lizame lote bila kugusa chini wala ukuta, soma namba. Uzito mkavu gawa kwa namba hiyo. Mfano gramu 20.10 kwa 6.00 ni 3.35, hiyo inalingana na tanzanaiti. Kioo huwa kama 2.5, kwatsi 2.65, kalsiti 2.71, spineli na garneti ya kijani karibu 3.6, rubi 4.0. Vipovu vya hewa vilivyoshika kwenye jiwe vinashusha jibu, vifute kwa brashi ikiwa ndani ya maji. Chini ya gramu 1 mizani hii haiaminiki.

Kufunga. Zito na dhaifu havipandi boksi moja, hata ukivifunga vipi. Kipande cha rubi na zoisaiti cha ukubwa wa ngumi kubwa kinafika kilo moja, na kwenye barabara ya vumbi kinakuwa nyundo. Kila kipande kiwe na tabaka tano au sita za karatasi laini ya chooni, kisha gazeti, kisha mfuko wenye namba yake. Pamba usiiguse kwenye fuwele za sindano, nyuzi zake zinanasa na ukivuta unang'oa. Kipande chenye merelaniaiti hakifungwi kwa karatasi kabisa: kata povu gumu jeupe litoshee sehemu ya chini ya jiwe, libane kwa vijiti vya meno vitatu au vinne pembeni, lote likae ndani ya kiboksi cha plastiki ambacho kuta zake haziyagusi manywele. Kisha kiboksi ndani ya boksi kubwa lenye sm 5 za kujazia pande zote sita. Funga, litikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya.

Kwa basi, omba parseli ikae mbele na si kwenye buti, na lebo ya pili iwe ndani, kwa sababu ya nje hubanduka.

---

leseni_kwanza

Mmezungumza vizuri yote ila nimemaliza kusoma nikiwa na wasiwasi juu ya vile vipande vitano vya Mirerani.

Madini ni mali ya umma mpaka yatolewe kihalali, na kuokota juu ya ardhi hakubadilishi hilo. Sheria ya Madini, Sura ya 123, haitofautishi kito cha mamilioni na kipande cha mkusanyaji. Kwa hiyo kila sampuli iwe na karatasi: mwenye leseni ya uchimbaji mdogo aandike namba ya leseni yake, tarehe, uzito, maelezo ya jiwe na kwamba amekupa au amekuuzia, asaini. Ukinunua, nunua kwenye soko la madini na utunze stakabadhi. Masoko hayo yapo tangu 2019 na bei ya kipande kisicho cha kukata huwa ndogo, usiogope. Mirerani ina ukuta wa kama kilomita 24 tangu 2018 na mizigo inakaguliwa getini. Kipande kisichokuwa na karatasi ya kutokea hapo usikisafirishe wala kukibadilisha. Nenda nacho kwa Afisa Madini Mkazi kwanza, umweleze ni cha shule.

Ujerumani: hakuna kutuma hata gramu bila kibali cha kusafirisha nje. Mzigo hupelekwa ofisi ya madini, unatathminiwa, unalipiwa mrabaha (vito ni asilimia 6) na ada ya ukaguzi asilimia 1, kisha unafungwa kwa lakiri. Tanzanaiti na rubi ghafi ziondoe kabisa kwenye mpango wa nje, maana sheria inataka viongezewe thamani hapa nchini na utakwama. Anza na mwamba wa kinywe usio na kito, hornblendi ndani ya zoisaiti, au garneti nyekundu ndani ya mwamba wake, na uulize kwanza kwa barua. Kwenye forodha, vipande vya mkusanyaji vyenye umuhimu wa kimadini viko chini ya namba 9705, vito ghafi 7103. Usiandike "zawadi" au "mawe ya mapambo".

Hifadhini usiokote chochote, hata kokoto. Na ukienda upande wa Lengai, majivu magumu yenye nyayo za watu wa kale pale Engare Sero si sampuli, ni mambo ya kale yaliyo chini ya sheria yake. Mlima wenyewe ni mtakatifu kwa Wamaasai. Omba ruhusa kijijini kabla ya kubeba jiwe.

---

kokoto_namanga

Nimeelewa. Jumatatu naenda kwa Afisa Madini na vyote vitano. Swali la mwisho: vipi vya kushikwa na wanafunzi na vipi vya kufungiwa?

---

tindo_na_nyundo

Vya kushikwa: vipande vinne vikubwa vya Mundarara vyenye rubi butu, kwatsi zote mbili, na kile cha Mirerani kilichopata siki. Hicho hakina cha kupoteza tena, na kinaonyesha asidi inafanya nini kwa kalsiti kuliko ubao wowote. Watumie kigae na tochi juu ya hivyo.

Vya kufungiwa: lava nyeusi ukiipata, chenye nyuzi, na fuwele yoyote ya tanzanaiti inayoonekana kwa macho. Ufunguo mwachie mwalimu wa kemia, na nakala ya kaunta buku ikae kabati tofauti na mawe.